Nilivyolazwa kwa Cheti Changu cha Uuguzi

Jamani, kuna mambo mtu huyasimulia tu akishajua kwamba walioyaona kwa macho wamezeeka na wameanza kusahau. Hili langu nilimficha hata mume wangu mpaka tulipopata mtoto wa pili, kwa hiyo leo mkicheka chekeni kwa kiasi, chai isije ikawapalia. Mimi huyu Hawa mnayemjua, niliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa huu, siku yangu ya kwanza kuingia hospitali ya Uganda kutafuta kazi nililazwa. Nililazwa nikiwa mzima wa afya, nimekunywa chai, nimepaka wanja, na barua iliyonilaza nilikuwa nimeibeba mwenyewe kutoka Koboko, ndani ya bahasha, kifuani, na nilipokuwa ndani ya lori nilimkataza kila mtu asinisukume isije ikakunjika.

Tuanze na mwanzo wa mambo. Mimi ni mtoto wa Koboko, wa Wanubi wa pale karibu na msikiti, lakini nikiwa na miaka kumi shangazi yangu aliyeolewa Omdurman alinichukua, nikasoma huko, nikakua huko, na nilipomaliza shule nikaingia chuo cha uuguzi, miaka mitatu, Kiarabu kitupu, kuanzia majina ya mifupa mpaka namna ya kubadilisha shuka mgonjwa akiwa juu yake. Nikapata cheti. Cheti cha kuandikwa kwa mkono, wino mweusi, herufi zimevutwa na kupindwa mpaka unaona uvivu kuzisoma, na muhuri wa kijani mkubwa kama kisosi. Halafu vita vya kusini mwa Sudan vikatulia, barabara ikafunguka, nikasikia habuba (ndiyo bibi yangu, mama yake baba) hawezi tena kutembea mpaka sokoni, nikasema basi, narudi nyumbani. Na kila niliyemwambia alinijibu maneno yale yale: wauguzi hawatoshi Uganda siku hizi, wewe nenda tu Arua na cheti chako.

Nenda tu! Watu wanaosema nenda tu hawajawahi kwenda.

Maana cheti cha Kiarabu, Arua, nani atakisoma? Kilitakiwa kigeuzwe Kiingereza, na Kiingereza changu mimi kilikuwa cha darasa la tatu, cha kuhesabu mbuzi na kusema jina langu. Kulikuwa na mfasiri aliyeapishwa, mtu wa mahakama, lakini huyo alikuwa anakuja Arua siku moja kwa wiki na foleni yake ni ya watu wenye kesi. Na kulikuwa na Maalim Ramadhani, jirani yetu, aliyenishikisha mimi mwenyewe kalamu ya kwanza, ambaye Koboko nzima ilijua kwamba Kiarabu ni chake. Nikamchagua Maalim. Yeye angesoma na kukisema kwa Kiswahili, na karani mmoja wa gombolola, ofisi ya serikali ya tarafa yetu, angekipiga taipu kwa Kiingereza. Mpango ulionekana safi kabisa.

Siku ya kazi hiyo Maalim alinitumia ujumbe: "Njoo tukae pamoja, mwanangu, hii hati imeandikwa kwa mkono wa haraka na macho yangu sasa ni ya kukisia." Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, nikamrudishia jibu la heshima tupu: "Hakuna haja, Maalim. Mimi ni nani wa kukukagua?" Heshima gani! Ilikuwa nywele. Nilitaka niingie Arua nimependeza.

Acha niwaambie mapema kilichotokea, ingawa mimi mwenyewe nilikuja kukijua siku ya tatu. Kwa Kiarabu muuguzi mwanamke ni mumarrida, na mgonjwa mwanamke ni maridha. Kwenye maandishi yanatofautiana kidogo sana, mimu (ile herufi yao ya m) mbili badala ya moja, kama vile kwetu kuugua na kuuguza. Maalim wa watu, aliyesoma Kiarabu chake chote kwenye vitabu vya dini, mumarrida hajawahi kukutana naye hata ukurasa mmoja. Maridha wamejaa tele. Akasoma alichokijua. Karani akapiga taipu alichoambiwa. Nami nikapokea karatasi, nikaona jina langu, nikaona neno hospitali, nikaona tatu, nikaona muhuri wa gombolola, nikaibusu.

Ijumaa baada ya swala nikafika hospitali moja pale Arua (jina lake naliacha, walinitendea wema). Karani wa mapokezi, bwana mmoja mpole mwenye miwani, akasoma barua yangu mara ya kwanza, akasoma mara ya pili, akanitazama kwa huruma ambayo mimi niliichukua kuwa adabu ya watu wa mjini.

"Hii barua iko yako?"

"Iko yangu."

"Miaka tatu? Yote ndani ya hospitali?"

"Yote. Tulikuwa tunalala huko huko." (Kweli tulilala, bweni letu lilikuwa ndani ya ua.)

"Na mwisho wakakuachia?"

"Wakaniachia vizuri kabisa, wakanipa na cheti."

"Sasa unataka kuendelea hapa kwetu."

"Kama mtanikubali, bwana."

Akaisogeza barua yangu kwa ncha ya kalamu, taratibu, na kiti chake kikarudi nyuma kidogo. "Dada, unakohoa?"

"Kidogo tu. Vumbi la njiani."

"Pole. Pole sana."

"Nimeshapoa," nikamwambia, nikatabasamu, ndipo akaita nesi.

Sasa nyinyi mtaniuliza, Hawa, mwanamke mwenye cheti, hukuona? Sikuona! Nesi kijana akaja, amejifunga kitambaa puani, akanitoa damu. Nikasema sawa, hata Omdurman kabla ya kutupokea walitupima. Akanipa kikopo nitemee makohozi. Sawa, wanaangalia kifua, hospitali yenye utaratibu. Akanipa gauni la wodini, lile linalofungwa kwa kamba mgongoni, nikadhani naenda kuonyeshwa chumba cha upasuaji. Badala yake nikapelekwa mwisho wa baraza, chumba changu peke yangu, kitanda kimoja, dirisha kubwa, sahani na kikombe vyangu mwenyewe vimepakwa alama nyekundu visichanganyike na vya watu wengine, na mimi nikakaa kitandani nikamshukuru Mungu kwa machozi, kwamba hata kazi sijaanza wamenipa nyumba.

"Naanza lini?" nikamuuliza nesi.

"Pumzika kwanza, mama. Daktari anarudi Jumatatu."

Nikapumzika. Kwa bidii. Nilijua habari za vyumba vya peke yake na vikombe vyenye alama, nilikuwa nimefanyiwa mtihani wa mambo hayo hayo, lakini niliitaka kazi ile mno, na kila nilichokiona nilikipindisha mpaka kikafanana na kazi.

Jumamosi ndiyo ikaharibu zaidi. Kulikuwa na mechi pale Onduparaka, na lori la Sebi, dereva wetu wa Koboko, lilikuwa limeleta washabiki wamejaa mpaka juu ya kibanda. Mchezaji wao mmoja akateguka mguu, lori zima likaja naye hospitali, na Sebi alipokuwa anazunguka kutafuta maji akaniona dirishani. Gauni la wodi, kikopo cha makohozi mkononi.

"Hawa?" akasema, akavua kofia.

"Sebi! Waambie nyumbani wamenipokea vizuri mno! Wamenipa chumba changu peke yangu, chakula wanaleta mpaka mlangoni, kufanya kazi wamenikataza kabisa mpaka daktari aje!"

"Mungu mkubwa, Hawa," akasema kwa sauti ndogo.

"Mkubwa sana!" nikamjibu kwa sauti kubwa.

Sikujua kwamba nimetangaza kifo changu kwa lori zima la washabiki wa mpira.

Jumapili asubuhi nikaamka na aibu ya kula chakula cha watu bila kufanya kazi. Nikasema hawa wanangoja waone moyo wangu. Nikavua gauni lao, nikavaa sare yangu nyeupe ya Omdurman iliyopigwa pasi huko kwetu, kofia, saa kifuani, nikatoka barazani, nikaingia wodi ya akina mama waliojifungua na kuanza kusalimia kitanda kwa kitanda. Kitanda cha pili alikuwa mama mmoja Mkongo, mfanyabiashara wa vitenge, ambaye tangu Ijumaa alikuwa ananiona kwa mbali nikitema kwenye kikopo. Akapiga kelele wodi nzima ikasimama.

"Ule mutu ya kifua ametoka! Amevaa nguo ya nesi! Shikeni yeye!"

Manesi wawili wakaja mbio, halafu wakasimama, maana walitaka kunishika na hawakutaka kunigusa. "Rudi ndani, mama," mmoja ananibembeleza, "rudi polepole, utapata dawa." Na mwenzake ananong'ona kwamba sasa imepanda kichwani, miaka mitatu si mchezo. Mimi ndiyo kwanza nikaanza kushuku kwamba kuna kitu. Nikafungua mdomo nijieleze, ndipo jicho langu likaenda kitanda cha ukutani.

Alikuwa amelala msichana wa Omugo, amejifungua alfajiri ile. Watu wote walikuwa wananitazama mimi. Yeye hakumtazama mtu. Midomo yake imekuwa ya kijivu. Nikamfunulia shuka, na godoro lilikuwa limelowa damu.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka mkono wangu juu ya tumbo lake, kizazi laini kama unga uliozidi maji, nami nakikanda na kukisugua, na nikasikia sauti yangu inapiga kelele jina la dawa. Ajabu ya dawa ile ni kwamba Kiarabu wanaiita jina lile lile na Kiingereza jina lile lile. Ergometrini! Ergometrini! Na mlangoni alikuwa ameingia mwanamke mnene, mrefu, bado ana nguo ya kanisani na Biblia kwapani. Hakuuliza kitu. Akaweka Biblia juu ya kabati, akachukua sindano, akachoma. Akaninyooshea chupa ya maji ya mshipa, nikaishika juu. Yeye alikuwa anasema na yule msichana kwa Kilugbara, mimi nasema na Mungu kwa Kinubi, na mikono minne ikafanya kazi bila kugongana, mpaka kizazi kikakaza chini ya vidole vyangu kikawa kigumu kama mpira, na damu ikapungua, ikakata. Yule msichana akaomba maji ya kunywa. Mpaka leo sijasikia sauti nzuri kuliko ile.

Ndipo yule mwanamke akajipangusa mikono, akaniangalia kuanzia kofia mpaka viatu. Alikuwa Sista Driciru, mkuu wa wodi ile, mtu wa Adumi, na zile Ijumaa na Jumamosi alikuwa mapumzikoni kwake.

"Hii mikono mutu amefundisha," akasema. "Wewe iko nani?"

"Huyo ni mgonjwa, Sista," nesi akasema. "Yule wa chumba cha mwisho."

"Mgonjwa gani anajua kukanda kizazi? Nani alimuweka kwa kitanda?"

"Barua," wakasema wote.

Na kabla barua haijafika, lori la Sebi likafika. Jamani! Nilisikia kilio kabla ya injini kuzimwa. Shangazi zangu wanne, majirani, mikeka, masufuria, habuba amebebwa juu ya kiti, na mbele yao Maalim Ramadhani na msahafu wake, amekuja kunisomea Yasini. Waliponiona nimesimama barazani na nguo nyeupe, mikono ina damu, shangazi mmoja akaanguka chini akisema wameshanivisha sanda. Wagonjwa wote wakatoka nje kuangalia, wengine wanaburuta chupa zao.

Sista Driciru akapaza sauti mara moja tu, uwanja ukanyamaza. Akaifungua barua yangu, akaisoma kwa Kiingereza, nyusi zikapanda. Halafu akaitafsiri kwa sauti, ili kila mtu asikie, na mimi kwa mara ya kwanza nikasikia nilichokuwa nimekibeba kifuani.

"Hapa inasema hivi. Huyu mama alikuwa mgonjwa hospitali miaka tatu. Alikuwa mgonjwa na bidii, na adabu mzuri. Wakubwa wote walifurahi na ugonjwa yake. Mwisho alifaulu. Sasa anapewa ruhusa kuwa mgonjwa fasi yoyote anataka."

Hakuna aliyecheka. Bado. Nikatoa cheti chenyewe kwenye mkoba, nikampa Maalim mbele ya watu wote, nikamwonyesha kwa kidole.

"Mumarrida, Maalim," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Ziko mimu mbili."

Akakisogeza cheti karibu na pua, akakipeleka mbali, akahesabu kwa midomo. Nikaona uso wake unaelewa. Akakaa chini kwenye majani, mzee wa watu na kanzu yake nyeupe.

"Miaka arobaini, mwanangu," akasema. "Miaka arobaini nasoma maradhi ya Nabii Ayubu. Katika vitabu vyangu vyote wagonjwa wapo. Mtu wa kuja kuwauguza kwa mshahara sijawahi kumwona."

Sista Driciru ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza, na kicheko chake kikawashika manesi, kikamshika yule mama Mkongo, kikawashika wagonjwa waliopigwa marufuku kucheka kwa sababu ya nyuzi zao, na mwisho kabisa nikamsikia habuba, juu ya kiti chake, anacheka kwa meno mawili aliyobaki nayo. Mimi nilitamani baraza lipasuke. Nikajifunika uso kwa kofia ya uuguzi, na nafikiri hapo ndipo hata Maalim akacheka, machozi yakimtoka.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana aibu hii ndiyo iliyonifungulia mlango. Sista yule angeweza kunirudisha kwenye lori. Alininawisha mikono, akanikalisha, akaniambia kwa upole kwamba hata cheti changu kingetafsiriwa sawasawa, siku ile nisingepewa kazi. Sikuwa najua! Nilidhani cheti ni cheti. "Wewe Omdurman inakujua," akasema. "Uganda haijakujua." Akanieleza moja moja: cheti chenyewe na tafsiri ya mtu aliyeapishwa, orodha ya masomo niliyosoma na wodi nilizofanyia kazi, na orodha hiyo itoke chuoni moja kwa moja mpaka kwa baraza la wauguzi Kampala, imefungwa, isipite mkononi mwangu, halafu miezi ya kufanya kazi chini ya jicho la muuguzi aliyeandikishwa, halafu Kiingereza, halafu kukaa mbele ya watahini na kujibu kwa mdomo. Nikamuuliza huyo muuguzi wa kunisimamia nitampata wapi. Akanitazama kama mtu aliyeuliza swali la kijinga.

Maalim hakujisamehe mpaka alipolirekebisha kosa lake mwenyewe. Alipanda lori akaja Arua siku ya yule mfasiri wa mahakama, akapanga foleni tangu asubuhi kati ya watu wa kesi za mbuzi na mipaka ya mashamba, na zamu yake ilipofika akasimama nyuma ya bega la mfasiri akihesabu mimu. Orodha ya chuo ilichukua miezi mingi kufika, niliandika barua nne, shangazi wa Omdurman akaenda mwenyewe kukaa kwenye mlango wa ofisi yao. Wakati huo wote nilikuwa msaidizi wodini kwa Sista, natandika, naogesha, nashika chupa, na saa ya chakula cha mchana ananifundisha Kiingereza barazani, yeye anakula kalo, ule ugali wa wimbi, na kisamvu, mimi nasoma chati kwa sauti. Nikikosea ananigonga na kijiko. Mpaka leo Kiingereza changu kina lafudhi ya Adumi, na sitaki kingine.

Siku watahini walipokuja hospitalini kwetu, mwenyekiti wao aliniuliza mama akitokwa na damu nyingi baada ya kuzaa utafanya nini. Nikajibu yote, hatua kwa hatua. Akauliza mara ya kwanza nilikutana na hali hiyo wapi katika nchi hii. Nikamtazama Sista kupitia dirishani, naye akageuza uso upesi, mabega yanamtikisika. Nikasema, "Hapa hapa, bwana. Nilikuwa nimelazwa." Ikabidi nieleze. Walinipasisha, lakini kwanza waliomba maji ya kunywa.

Wote wale nawashukuru. Yule karani mwenye huruma, nesi wa kitambaa, hata mama wa vitenge aliyenifukuza wodini, maana alikuwa analinda wenzake. Maalim ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Sista Driciru nampelekea sukari Adumi kila nikipata, na kila akiniona ananiuliza kama bado nina ruhusa ya kuugua popote.

Lakini nimeapa. Karatasi yenye jina langu haiendi mahali sijaisoma, na nisichokielewa namwita mtu anisomee nikiwa nimekaa pale pale, kichwa kimesukwa au hakijasukwa. Iwe ya hospitali, iwe ya shule ya watoto, iwe kibali cha mgao wa sukari tu, nasoma polepole, kidole juu ya mstari. Nyuma yangu foleni inanung'unika. Acha inung'unike.